Mkebe wa vifungo wa babu: usiuze kwa jumla

Mwalimu mmoja wa Ujiji ameniandikia kwamba babu yake mzaa mama alikuwa fundi cherehani tangu miaka ya 1940, kwanza Tabora, baadaye Kigoma mjini. Alipofariki aliacha mkebe wa biskuti umejaa vifungo: vya shaba vyenye taji, vingine vyenye nanga, vyeupe vidogo vinavyong'aa, vya kahawia vya kila namna, vyeusi vizito, na sita vya rangi ya maziwa ambavyo nyumbani wanaviita "vya pembe". Mfanyabiashara wa vitu vya kale ameahidi shilingi 150,000 kwa mkebe mzima, akisema vile vya shaba ni vya Mjerumani. Mwalimu anauliza atavitambuaje, na kama bei hiyo ni ya haki.

Mwalimu, salaam, na pole kwa msiba hata kama umepita. Nianze na bei, maana najua ndiyo inayokusumbua. Huenda 150,000 ni nyingi kuliko mkebe wote, huenda ni kidogo mno. Kabla vifungo havijachambuliwa kimoja kimoja hakuna anayejua, na huyo bwana naye ama hajui, ama anajua na amenyamaza. Mimi nikisikia mtu anataja bei ya jumla kwa mkebe usiochambuliwa, huwa naamini ameshaona kimoja au viwili anavyovitaka, na vingine vyote ni vya kusindikizia tu. Kwa hiyo mjibu kwa adabu kwamba bado unashauriana na wenzako nyumbani, kisha kaa chini na mkebe wako.

Utahitaji sumaku (hata iliyotolewa kwenye spika mbovu), rula yenye milimita, kitambaa cheupe, na kioo cha kukuzia. Kama huna, muombe sonara lenzi yake kwa nusu saa, au tumia kamera ya simu ukiikuza. Mwaga vifungo juu ya kitambaa, na jambo la kwanza uvigeuze vyote kifudifudi. Watu hutazama sura ya kifungo, kumbe habari nyingi ziko mgongoni: jina la kiwanda, jina la mji, namna kitanzi (kipete cha kupitishia uzi) kilivyoungwa, alama za kifaa kilichokata. Sura ni rahisi kuiga. Mgongo wengi hawajisumbui kuuiga, au wakijaribu wanakosea.

Tuchukue vya shaba, maana ndivyo vinavyokupa matumaini. Pitisha sumaku kwanza. Kikivutwa mwili mzima, hicho ni chuma kilichopakwa shaba juu, na mara nyingi ni kifungo cha mitindo cha miaka ya karibuni. Kikivutwa kwenye kitanzi tu, bado usikitupe. Kisha kipime mkononi. Kama ni chepesi sana na kinang'aa rangi ya dhahabu bila doa wala kutu ya kijani, hiyo ni alumini iliyotiwa rangi kiwandani. Jeshi la Uingereza lilianza kutumia vifungo vya aina hiyo miaka ya 1950 ili askari wapumzike kusugua shaba kila asubuhi. Kifungo cha namna hiyo hakiwezi kuwa cha Vita vya Kwanza vya Dunia, anayekuuzia aseme anavyosema.

Sasa taji. Weka kifungo kimoja karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa bado chini, ili mwanga uje kwa ubavu na kuonyesha michoro iliyochakaa. Tazama matao ya juu ya taji, pale yanapokutana chini ya kimpira chenye msalaba. Kama yamepanda yakaduara moja kwa moja hadi kwenye kimpira, hilo ni taji la wafalme wa Uingereza lililotumika kuanzia 1901 hadi 1952, yaani enzi za Edward VII, George V na George VI. Kama matao yamebonyea katikati, yakashuka kidogo kabla ya kukutana, hilo ni taji la Malkia Elizabeth II, lililoingia kwenye sare kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tofauti ni ndogo, nusu milimita pengine, lakini ukishaizoea unaiona hata bila lenzi. Angalizo moja: tangu 2022 Mfalme Charles III amerudisha taji lenye matao ya kuduara, kwa hiyo vifungo vipya vya Uingereza vinaweza kukuchanganya. Vya babu yako, aliyekuwa anashona Tabora miaka ya 1940, havina tatizo hilo.

Na taji la Kaiser, yaani mfalme mkuu wa Ujerumani? Halifanani na hayo mawili. Ni refu, limejengwa kwa vibapa vilivyosimama, na mara nyingi huchorwa na tepe mbili zinazoning'inia pembeni. Ukiona taji la duara lenye msalaba na vimpira vidogo kwenye matao, huyo ni Mwingereza. Fikiria pia historia yenyewe. Wabelgiji waliingia Kigoma Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, na Mjerumani hakurudi tena kutawala. Mwingereza alikaa hadi Desemba 1961. Fundi aliyeanza kushona miaka ya 1940 alipokea sare za askari polisi, matarishi, wanajeshi na watu wa reli wa enzi ya Mwingereza. Kifungo cha Mjerumani kingeweza kumfikia, kwenye koti kuukuu la mzee fulani aliyewahi kuwa askari, lakini si konzi nzima. Ndiyo maana maneno ya huyo bwana siyaamini mpaka nione migongo.

Mgongoni utakuta nini? Kwa vifungo vya Mwingereza, mara nyingi jina la kiwanda limezunguka ukingoni kwa herufi ndogo: Firmin wa London, Gaunt wa Birmingham, Smith & Wright wa Birmingham, Buttons Ltd ya Birmingham. Birmingham ulikuwa mji mkuu wa vifungo vya chuma duniani kwa miaka mingi, kwa hiyo jina hilo peke yake si dalili ya uhaba. Kinachosaidia ni jinsi jina lilivyoandikwa. Anwani ya mtaa au neno "Ltd" hubadilika viwanda vinapohama na kusajiliwa upya, na wakusanyaji wanaojua hupanga miaka kwa kufuata mabadiliko hayo. Ukikuta herufi T.W.&W. na neno Paris, hicho ni kiwanda cha Kifaransa. Nakili kila neno kama lilivyo, nukta kwa nukta, kabla hujafikiria hata kuvisafisha.

Cha bandia cha Kaiser kinatambulika hivi. Kifungo halisi cha sare kiligongwa kwa muhuri wa chuma: mistari ni mikali, uso na mgongo ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa kukunja ukingo. Cha kuiga mara nyingi kimemiminwa kwenye kalibu: michoro ni mizembe, uso una vijitundu vya hewa, na ukipitisha ukucha ukingoni unahisi mshono. Vya kweli vya Mjerumani vinatafutwa Ulaya kuliko vya Mwingereza, na penye soko la namna hiyo mafundi wa kughushi hawakosekani.

Hapa nikuambie jambo ambalo wauzaji wengi wa mitaani hawalijui, nalo ni kwamba umri na uhaba ni vitu viwili. Kifungo cha jeshi la Mwingereza cha 1915 kinaweza kuwa kimetengenezwa kwa mamilioni. Lakini fikiria kikosi cha Tanganyika Rifles. Kilizaliwa kutokana na vikosi vya King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, nchi ilipopata uhuru 1961. Januari 1964 askari wakaasi, kwanza kambi ya Colito, Dar es Salaam, na siku iliyofuata hapa Tabora kwenye kambi ya kikosi cha pili. Jeshi lile likavunjwa, na JWTZ ikaanzishwa Septemba 1964. Alama yoyote ya sare yenye jina la Tanganyika Rifles ni ya miaka isiyofika mitatu. Fundi aliyekuwa Tabora miaka hiyo ndiye hasa ambaye angeweza kuwa nayo. Vivyo hivyo vifungo vya watumishi wa serikali ya Tanganyika vyenye taji la Malkia, dirisha lake ni kuanzia 1952 hivi hadi kwenye uhuru. Chambua kwa makini chochote chenye herufi K.A.R., neno Tanganyika, au kichwa cha twiga, maana twiga ndiye aliyekuwa nembo ya Tanganyika ya mkoloni.

Vya reli navyo vina kalenda yao. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, lakini herufi E.A.R.&H. ni za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lililoundwa 1948, na bandari zikatenganishwa na reli 1969. Kwa hiyo kifungo chenye herufi hizo kimezaliwa ndani ya miaka hiyo 21. Wakusanyaji wa vitu vya reli ni watu wa ajabu kidogo (nasema kwa upendo, mimi mwenyewe nina tiketi za gari moshi zisizo na faida yoyote), na wanalipa vizuri wakijua kifungo kimetoka kwenye koti la mtu gani, stesheni gani.

Kuhusu nanga, Mwalimu, usivunjike moyo. Huko kwenu Kigoma kila kifungo chenye nanga kinaitwa cha meli ya Goetzen, ile iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Hadithi ni tamu. Lakini nanga imewekwa kwenye makoti ya kiraia, sare za shule na nguo za watoto duniani kote kwa zaidi ya karne. Nanga peke yake, bila taji, bila herufi za shirika, bila jina la kiwanda mgongoni, ni pambo. Usimlipie mtu hadithi, na wewe usiuze hadithi usiyoweza kuithibitisha.

Vile vyeupe vidogo vinavyofanana na kioo, geuza kimoja chini ya lenzi. Kama uso ni laini na mgongo una vishimo vidogo vidogo mfano wa ganda la chungwa, hicho si kioo wala gamba la chaza, ni kauri iliyoshindiliwa. Richard Prosser alipata hataza ya mbinu hiyo Uingereza 1840: unga mkavu wa udongo unagandamizwa kwenye kalibu kisha unachomwa. Mfaransa Jean-Félix Bapterosses akaiboresha, akaichanganya na maziwa ili unga ushikane, na kiwanda chake cha Briare kikatoa vifungo na shanga kwa wingi usiopimika. Shanga za mbinu hiyo zilisambazwa Afrika nzima, na unajua kuliko mimi kwamba soko la Ujiji wakati wa misafara lilihesabu bei kwa shanga. Kwa pesa, vifungo hivi havina kitu, maana viliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20. Mimi ningeviweka kwenye chupa ya kioo na kuwaonyesha wanafunzi.

Vya chaza halisi ni baridi ukivigusisha mdomo, vizito kuliko plastiki, na mgongoni mara nyingi hubaki utando wa kahawia wa gamba. Vingi vya shati vilitoka makombe ya mto Mississippi, baada ya Mjerumani John Boepple kuanzisha kiwanda huko Muscatine, Iowa, 1891. Vikiwa na matundu tu bila nakshi, huuzwa kwa uzito.

Kundi la kahawia ndilo linalowapoteza wengi, na ndilo ninalolipenda. Ndani yake kunaweza kuwa na pembe ya ng'ombe, plastiki za kale (bakelaiti, kaseini, seluloidi), na kokwa za mimea. Mafundi wa zamani walikuwa na jaribio la kuchoma sindano ya moto. Usilifanye. Linaacha tundu linaloshusha thamani, na seluloidi hushika moto kama karatasi yenye mafuta ya taa. Badala yake, sugua kifungo kwa kidole gumba mpaka kipate joto, au chovya ukingo kwenye maji ya moto kwa sekunde chache tu, kisha nusa haraka. Harufu ya kafuri ni seluloidi. Harufu kali ya fomalini au dawa ya hospitali ni bakelaiti, ile aliyoibuni Leo Baekeland huko Marekani 1907. Harufu ya maziwa yaliyoungua ni kaseini, ambayo kweli imetokana na maziwa. Usiloweke, kwani kaseini huvimba na kupasuka. Kisicho na harufu yoyote kinaweza kuwa plastiki ya kawaida tu.

Ila kuna kimoja kinachostahili jicho la pili: cha kokwa. Kati ya mwisho wa karne ya 19 na Vita vya Pili vya Dunia, vifungo vingi vya suti vilichongwa kutoka kokwa ngumu ya tagua, mti wa jamii ya michikichi unaoota Ekuado na nchi jirani. Wataliano nao walitumia kokwa za mkoche kutoka Eritrea. Mikoche unaifahamu, inaota hata huku kwetu Unyamwezini. (Kokwa za mchikichi wenu wa mawese ni ndogo mno kwa kazi hiyo.) Utakitambua kwa sababu rangi ya kahawia au nyeusi ilikaa juu tu: chungulia ndani ya matundu ya uzi au mahali palipokwaruzika, utaona weupe wa krimu, na chini ya lenzi mistari myembamba sana inayofuatana. Bei yake si kubwa, lakini seti ya koti zima, vikubwa vya mbele na vidogo vya mikono, ina wanunuzi.

Vyeusi vizito na vya baridi ni kioo. Wauzaji huviita "jeti", jiwe jeusi ambalo Malkia Victoria alilifanya mtindo wa msiba baada ya mumewe Albert kufariki 1861. Jeti ya kweli ni nyepesi na ya uvuguvugu. Chako ulichosema ni kizito basi ni kioo, pengine cha Bohemia, katika nchi ya Cheki ya leo. Vyenye picha ya mtu, mnyama au jengo vitenge. Vyenye maua ya kawaida acha vikae pamoja.

Sasa vile sita vya rangi ya maziwa. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kagua kwa lenzi. Ukiona vitone na vistari vifupi vyeusi vilivyotawanyika, huo ni mfupa wa ng'ombe, ni njia za damu zilizobaki, na unaweza kuwa huru. Ukiona weupe ulioshikana bila vitone, na mistari miembamba inayokatana, hayo ni meno ya tembo. Kwenye kifungo kidogo mistari hiyo inaweza isionekane vyema, hivyo ukibaki na shaka vihesabu kuwa ni vya tembo. Tabora ilikuwa njia kuu ya misafara ya pembe, hivyo si jambo la kushangaza vikiwepo. Lakini biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inahesabu kitu kama hicho kuwa nyara ya serikali. Urithi wa babu si kibali. Usiviuze, usivitume kwa posta, usimpe mtu avisafirishe. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukaeleze ulivyovipata, wakuelekeze. Na kama huyo mfanyabiashara anavutiwa hasa na hivyo sita, hiyo ni sababu nyingine ya kumkwepa.

Wakati tuko kwenye sheria: umesema wadogo zako wako tayari kwenda kuchimba kwenye mahandaki ya zamani watafute vingine. Wazuie. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa aina hiyo, tena ardhi iliyopiganiwa inaweza kuwa na risasi na mizinga isiyolipuka.

Kusafisha ni neno moja: acha. Hakuna Brasso (ile dawa ya kung'arishia shaba), hakuna ndimu na majivu. Rangi ya hudhurungi iliyotulia juu ya shaba ndiyo inayomwambia mnunuzi kwamba kifungo hakijachezewa, na ikishasuguliwa hairudi. Futa vumbi kwa brashi laini ya mswaki mkavu, basi. Seluloidi zitenge leo hii kwenye bahasha ya karatasi, maana zikianza kuoza hutoa mvuke unaokula chuma kilicho jirani, na unyevu wa ziwani unaharakisha mambo.

Bei, basi. Kifungo cha kawaida cha shaba cha jeshi la Mwingereza, kikiwa kizima, huko Uingereza mara nyingi huuzwa kati ya pauni mbili na kumi, na gharama ya kukituma kutoka Kigoma inaweza kuimeza yote. Usiangalie bei wanazotaja wauzaji mtandaoni, angalia bei ambazo vitu vimeshanunuliwa. Tovuti kubwa za mnada zina sehemu ya kuchuja zilizouzwa. Linganisha kifungo kwa kifungo: taji lilelile, maneno yaleyale mgongoni, kipimo kilekile cha milimita. Wakusanyaji wa Marekani, ambao chama chao kimekuwepo tangu 1938, hutenga vya kabla ya 1918 na vya baada ya hapo, kwa hiyo ukijua upande gani wa mwaka huo kifungo chako kimesimama, umeshapiga hatua. Kinachopandisha bei kuliko chochote ni ushahidi. Tafuta picha ya babu dukani, kitabu chake cha oda, barua ya mteja wa reli. Andika kwenye karatasi jina lake, mtaa, miaka, na uhifadhi pamoja na vifungo husika. Kama kuna koti kuukuu bado lina vifungo vyake, usivikate. Koti na vifungo pamoja ni bora kuliko vikiachana.

Huyo bwana akirudi, mkaribishe, kisha mwambie achague anavyovitaka na ataje bei ya kimoja kimoja mbele yako. Uwe umeshavipiga picha vyote. Kile atakachokishika kwanza na kukirudisha haraka, hicho nipigie picha tatu: uso, mgongo, na kikiwa juu ya rula, kwa mwanga wa dirishani bila flashi. Vya shati vitakavyobaki, visivyo na jina wala nakshi, mpelekee fundi yeyote wa sokoni Ujiji. Atavipokea kwa furaha, na pengine akakupindia gauni bure.